Wauza hedifoni waturuhusu kujaribu kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumze na wauza vifaa vya muziki wa Mbeya, Iringa na Njombe, pamoja na wateja wao. Hedifoni za studio zilizofungwa nyuma zimeanza kuonekana kwenye maduka yetu, na vijana wengi wanazitaka kwa ajili ya kusikilizia muziki nyumbani. Hilo ni jema. Kinachoharibu ni namna zinavyouzwa: boksi liko nyuma ya kioo, limevishwa nailoni, na mteja anaambiwa alipe kwanza ndipo afungue. Pasi inaweza kuuzwa hivyo. Hedifoni haiwezi, kwa sababu bezi yake inategemea inavyokaa kwenye kichwa cha anayeinunua, na hilo haliandikwi kwenye boksi.

Nianze na sababu ya kuzitaka zilizofungwa. Katika nyumba nyingi za kupanga huku kwetu, ukuta wa chumba unaishia kwenye dari. Juu ya dari ni uwazi mmoja hadi kwa jirani, kisha bati. Redio ya chumba cha kwanza inasikika hadi cha nne, na mvua za Novemba hadi Aprili zikipiga bati hata mazungumzo yanakatika. Hedifoni iliyo wazi nyuma ina wavu au matundu kwenye kikombe kinachofunika sikio. Kelele za nje zinaingia na muziki wako unatoka. Sauti yake huwa pana na yenye nafasi zaidi, lakini inadai chumba tulivu, na wengi wetu hatuna. Iliyofungwa ina kikombe kizima. Kelele za juu na za kati, kama mvua, watoto uani na televisheni ya jirani, hupungua sana. Mngurumo wa malori ya barabara ya TANZAM haupungui kwa kiasi hicho, kwa kuwa sauti nene hupenya plastiki na mito inayozunguka masikio kwa urahisi. Sennheiser wanasema HD 280 Pro yao hupunguza kelele hadi desibeli 32 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Hicho ni kiwango cha juu kabisa, na mtu asikitarajie kwenye injini ya lori.

Jina la studio nalo lisichukuliwe kuwa cheti cha utamu. Hedifoni hizi zilifungwa nyuma ili mwimbaji anaporekodi, mdundo anaousikia usivuje ukaingia kwenye maikrofoni. Kazi hiyo inataka chombo kigumu, kinachoonyesha makosa ya rekodi. Ndiyo maana baadhi zimeinuliwa sauti kali za juu, jambo linalomsaidia fundi kusikia mkwaruzo, lakini humchosha msikilizaji baada ya saa moja.

Sasa suala la kukaa kichwani, ambalo ndilo kubwa. Kwenye sauti nene, kiwambo cha hedifoni, yaani utando wake unaotetema, kinasukuma na kuvuta hewa iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Hewa hiyo ikipata mwanya, msukumo unapotea na bezi inapotea nayo. Mwanya mdogo tu unatosha: mkono mnene wa miwani, hereni, rasta zilizopita chini ya mto, ushungi uliokunjwa mara mbili, au mzula wa sufu ambao miezi ya Juni na Julai haumtoki mtu kichwani. Watu wawili wanaweza kusikiliza hedifoni ileile, mmoja akasema ina bezi ya kutosha na mwingine akasema imekauka, na wote wakawa wakweli.

Kipimo chake ni rahisi na kinafanyika dukani. Vaa hedifoni kama utakavyoivaa nyumbani, na miwani yako, bila mzula. Cheza wimbo wenye gitaa la bezi linalotembea muda wote, wa dansi unafaa sana. Kisha bana vikombe taratibu kwa viganja vyako. Bezi isipobadilika, mito imeziba vizuri. Ikiruka juu ghafla, kuna mwanya. Sogeza upinde wa kichwani juu au chini, tafuta mkao mwingine, na ikiendelea hivyo hedifoni hiyo si ya kichwa chako hata ingekuwa ya bei gani. Angalia pia kama sikio lote linaingia ndani ya mto. Mto ukikalia ncha ya sikio, maumivu yanaanza ndani ya dakika 20, na mwanya unabaki palepale. Ndiyo sababu dakika mbili za kujaribu hazitoshi. Dakika 15 ndizo zinazoonyesha kama upinde unabana utosi au kama ncha ya sikio inagusa kiwambo.

Ikiwa kila kitu kinafaa ila inabana kidogo, hilo linarekebishika. Ivishe kwenye rundo la vitabu lenye upana unaozidi kidogo wa kichwa chako, uiache usiku mmoja, ujaribu, urudie kama bado. Usiikunjue kwa mikono kwa nguvu, hasa zile zenye bawaba za plastiki. Hupasuka kwenye bawaba.

Jambo la pili ni omu. Wauzaji wengi humwambia mteja kwamba yenye omu nyingi ndiyo ya kitaalamu zaidi. Si kweli. Omu zinaeleza ukinzani wa koili, ule waya uliozungushwa unaotikisa kiwambo, yaani volti kiasi gani zinahitajika ili hedifoni isikike. Tuchukue Beyerdynamic DT 770 Pro, inayotengenezwa kwa omu 32, 80 na 250, yenye usikivu wa takriban desibeli 96 kwa miliwati 1, yaani sauti inayotoa ikipewa nguvu hiyo ndogo ya umeme. Tundu la simu likitoa volti 0.5, ile ya omu 250 inapata miliwati 1 na kufika desibeli 96. Ya omu 80 inapata miliwati 3 na kufika karibu 101. Ya omu 32 inapata karibu miliwati 8 na kufika 105. Namba 96 inaonekana kubwa, lakini hicho ni kilele cha wimbo. Rekodi ya kwaya iliyorekodiwa kwa utulivu huwa na wastani ulio chini ya kilele kwa desibeli 20 au zaidi, hivyo msikilizaji anabaki na 75 hivi, simu ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Mvua ikinyesha hapo, hasikii kitu. Mwenye simu au kompyuta ndogo pekee abaki kati ya omu 30 na 80.

Omu 250 zina mahali pake. Redio kubwa za zamani na amplifaya nyingi za nyumbani hutoa sauti ya hedifoni kupitia rezista, mara nyingi ya omu 100 na kuendelea. Hedifoni ya omu 32 ikichomekwa hapo, bezi huvimba na kuwa nzito, kwa sababu ukinzani wa koili hupanda kwenye sauti fulani nene na kujichukulia volti nyingi kuliko sehemu nyingine. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni: kwa hedifoni ya omu 32, tundu lisizidi omu 4. Kwa hiyo mtu asiulize hedifoni gani ni bora kabla hajasema ataichomeka wapi.

Simu zisizo na tundu la mviringo zinahitaji adapta ya USB-C, na hapa fedha nyingi hupotea. Kuna adapta zenye chipu ndani ya kugeuza dijitali kuwa sauti, na kuna zisizo na chipu ambazo hupitisha tu sauti inayotoka kwenye simu. Hizi za pili hufanya kazi kwenye baadhi ya simu na kwenye nyingine huwa kimya kabisa. Nunua yenye chipu, na uijaribu na simu yako mwenyewe, si ya muuzaji.

Kuhusu aina, nitasema kwa kifupi ninavyoziona. Audio-Technica ATH-M50x (omu 38, gramu 285) inasukuma bezi mbele. Ndugu yake M40x (omu 35, gramu 240) ina uwiano mzuri zaidi kwa kwaya na magitaa, na mimi ningeianza hiyo. Sony MDR-7506, iliyoko sokoni tangu 1991, ni nyepesi, gramu 230, na sauti ya mwimbaji inasikika wazi mno, ila waya wake uliojikunja hauchomoki na huvuta upande mmoja. AKG K371 (omu 32) ilitengenezwa kwa kufuata utafiti wa kampuni ya Harman kuhusu sauti ambayo wasikilizaji wengi huipenda, na inafaa nyumbani kuliko nyingi, lakini inadai mto uzibe barabara. Mwenye miwani minene ataionea bure. Huyo aangalie DT 770 Pro yenye mito ya kitambaa laini, avumilie ukali wake wa juu kwenye herufi "s" na "sh". HD 280 Pro inabana kuliko zote hizi. Inazuia kelele vizuri kwa sababu hiyohiyo.

Bandia zipo, na zinafanana kwa macho. Mzani wa dijitali na mita ya umeme ya fundi simu vinasaidia kuliko kukagua maandishi ya boksi. Pima uzito bila waya, ulinganishe na uliotajwa na mtengenezaji. Kisha weka mita kwenye omu, gusa ncha ya pini na shina lake, halafu pete ya kati na shina. Kwenye pini ya kawaida ya hedifoni ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni nyutro, yaani njia ya kurudi ya umeme, ya pande zote mbili. Namba zikaribiane kwa kila upande, na ziwe karibu na zilizotajwa na mtengenezaji, mara nyingi chini kidogo. Inayodaiwa kuwa ya omu 250 ikisoma 30, rudisha kwenye boksi.

Kuna hitilafu moja inayowapotosha watu wengi. Unasikia vyombo na mwangwi, lakini sauti ya mwimbaji imezama au haipo. Hedifoni haijafa. Nyutro imekatika, au pini haijaingia hadi mwisho, hivyo pande mbili zinajiunganisha zenyewe na kile kilicho sawa pande zote, yaani mwimbaji aliyewekwa katikati, kinajifuta. Sukuma pini hadi ibofye. Ikibaki hivyo, kata pini na uweke mpya. Fundi akumbuke kwamba nyuzi za waya huu zimepakwa enameli ya rangi, na risasi ya kuchomelea haishiki juu yake. Ichome kwa ncha ya pasi ya kuchomelea yenye risasi nyingi, au ikwangue, hadi shaba ionekane. Asiyefanya hivyo hurudishiwa kazi baada ya siku chache. Baada ya kuunga, cheza sauti ya mtu mmoja anayeongea: isimame katikati ya kichwa. Ikielea bila mahali, nyaya za spika moja zimegeuzwa.

Mito ya ngozi bandia huchakaa kwa jasho, mafuta ya nywele na unyevu. Inabanduka magamba meusi na bezi inaanza kuvuja. Ifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kusikiliza, na usiianike juani. Unapoibadilisha, tafuta yenye unene na kitambaa kama vya awali. Kuweka kitambaa laini mahali pa ngozi kunapunguza bezi, na mto mnene zaidi unasogeza sikio mbali na kiwambo na kubadili sauti yote.

Faida iliyobaki ni ya masikio yenyewe. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda kwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Hedifoni iliyoziba vizuri inakuwezesha kusikiliza kwa sauti ndogo wakati mvua inanyesha. Inayovuja inakulazimisha kupandisha.

Kwa hiyo naomba wenye maduka wafanye mambo haya. Wafungue hedifoni moja ya kila aina wanayouza iwe ya kujaribia, mito yake ifutwe kila baada ya mteja, na mtu aruhusiwe kuchomeka simu yake kwa robo saa akiwa amekaa kwenye kiti. Risiti ya EFD itaje aina na idadi ya omu, kwa sababu DT 770 Pro iliyoandikwa hivyo tu inaweza kuwa yoyote kati ya tatu, na mteja aliyepewa siyo hana cha kuonyesha. Na wanapoagiza hedifoni 10, waagize pia jozi 3 au 4 za mito na nyaya 2 za ziada, kwani hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza, na kwa sasa mtu wa Makete au Kyela hulazimika kungoja basi la Dar es Salaam kwa ajili ya jozi moja ya mito.

Fundi wa sauti,
Uyole, Mbeya