Barua kwa Mwanangu Aliye Mwaka wa Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma, na asubuhi nikausoma tena. Umesema jaribio la kwanza la takwimu umepata 41 kwa 100, kwamba wenzako wanajibu maswali kana kwamba walizaliwa wakiyajua, na kwamba unajiona umeingia chuoni hapo kwa bahati tu. Mambo hayo hayaishi kwa simu, ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Baba yako anakusalimu, naye ana ya kwake atakayokuambia mwenyewe.

Nianze na hilo la kujiona hufai, maana limeniuma kuliko alama. Karibu kila unayekaa naye kwenye ukumbi wa mihadhara alikuwa wa kwanza au wa pili shuleni kwao. Chuo kimewakusanya vinara wa shule nyingi kikawaweka pamoja, kwa hiyo lazima wengi wajikute katikati na wengine nyuma, bila akili ya hata mmoja wao kupungua. Uwezo uliokupeleka hapo bado unao wote.

Tena hofu hiyo si yako peke yako. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Gregory Walton na Geoffrey Cohen, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Waliwasomesha maelezo ya wanafunzi waliowatangulia, jinsi walivyojiona wageni mwanzoni na jinsi hali hiyo ilivyopita. Shughuli nzima ilichukua kama saa moja. Wanafunzi weusi, ambao walikuwa wachache chuoni hapo na walikuwa na sababu zaidi ya kujiuliza kama wanakubalika, waliendelea kupata alama bora kwa miaka mitatu kuliko wenzao weusi ambao hawakupewa maelezo hayo. Saa moja tu ya kujua kwamba wengine nao walipita njia hiyo! Mimi nalisadiki kwa sababu nimeliona. Miaka yote niliyokaa nyuma ya kaunta ya maktaba ya chuo nimepokea wanafunzi wapya wanaoona haya hata kuuliza mlango wa kutokea, na mwaka wa tatu ni walewale wanaowaelekeza wageni bila kuombwa.

Na kutokana na kaunta hiyo kuna jambo moja ninalotaka ulishike hata ukiyasahau mengine yote. Wanafunzi niliowaona wakianguka hawakuwa wenye akili ndogo kuliko waliofaulu. Walichelewa kuuliza. Walikaa na swali wiki ya tatu, wakaona aibu. Wiki ya sita swali limezaa maswali kumi. Wiki ya mitihani wanakuja kwangu wakitafuta kitabu ambacho nakala zake zote zimeshaazimwa. Shuleni ulizoea kufuatwa. Mwalimu alikagua daftari, ukikosa kipindi tulipigiwa simu, ukinyamaza alikuita akakuuliza una nini. Chuoni mhadhiri ana wanafunzi mia mbili au mia tatu mbele yake, na ukimya wako kwake una maana moja, kwamba umeelewa. Hakuna atakayekufuata, na hilo halitokani na roho mbaya. Ni kwamba sasa wewe ndiye mwenye jukumu la kusema.

Kwa hiyo nenda kwa mhadhiri wa takwimu saa alizotenga za kuonana na wanafunzi. Wahadhiri wengi wameniambia kwamba saa hizo hukaa peke yao ofisini karibu muhula mzima, mpaka wiki ya mwisho ndipo foleni inapoanza. Nenda na ile karatasi ya jaribio. Usiingie ukasema, "Sijaelewa chochote," kwa sababu hatajua aanzie wapi. Fanya upya kila swali ulilokosa mpaka pale unapokwama, kisha weka kidole hapo: "Hadi mstari huu nimefika, ila sielewi kwa nini hapa tunagawanya kwa idadi ya sampuli kutoa moja." Swali la namna hiyo lina jibu la dakika tano, na mhadhiri atakukumbuka kwa wema. Kama moyo unakwenda mbio, andika swali kwenye karatasi ulisome. Hakuna atakayekucheka kwa hilo.

Ulisema pia ratiba yako ina mapengo mengi na hujui uyafanyie nini. Mapengo hayo ni sehemu ya masomo, mwanangu. Tazama wanavyohesabu vyuo vya Ulaya: mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Ukizidisha unapata saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka, na mihadhara huchukua sehemu ndogo tu ya hizo. Nyingine zote ni za kusoma, kuandika na kufanya mazoezi peke yako au na wenzako. Usipoyapangia kazi, mapengo hayo yatajazwa na simu na mazungumzo ya bwenini, na jioni utashangaa siku imekwenda wapi.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana wengi hupotezea nguvu zao hapa. Kusoma kitini cha mhadhiri mara nne mfululizo huku ukipiga mistari ya rangi kunafariji, lakini hakukai. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akasubiri, kisha akapima angeokoa kazi kiasi gani akizikariri upya. Baada ya saa moja tayari alikuwa anaokoa chini ya nusu ya kazi ya awali. Baada ya siku moja, kama theluthi tu. Kusahau huenda kasi sana mwanzoni, halafu hupoa. Ndiyo maana somo la leo lirudie leo jioni, kisha baada ya siku chache, kisha wiki ijayo, hata kwa dakika ishirini ishirini.

Na ukirudia, funga kitini. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilivisoma tena, kundi jingine likaandika yote liliyoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Na mtihani wako hauji dakika tano baada ya kusoma. Chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka kuhusu mada, halafu fungua kitini uone ulichoacha. Kunauma kidogo, kwa sababu unaona mashimo yako wazi, lakini hayo mashimo ndiyo ya kwenda kuulizia.

Ile mnayoiita zimamoto, kukesha usiku wa kuamkia mtihani, iache. Vijana wa umri wako wanahitaji usingizi wa saa saba hadi tisa, na ubongo huendelea kuimarisha ulichojifunza wakati umelala. Anayekesha anajinyima kile anachokikeshea. Nimewaona asubuhi ya mtihani, macho mekundu, wanasoma ukurasa uleule bila kuugeuza. Inanihuzunisha kila mara.

Kuhusu zile programu za akili mnemba zinazoandika insha kwa sekunde, najua kila mtu bwenini anazo. Zitumie kama chuo kinavyoruhusu, muulize kila mhadhiri mipaka yake, na mahali ambapo hujaruhusiwa usiguse. Zaidi ya adhabu, ninachohofia ni hiki: insha unapewa ili ukae na fikra yako iliyopinda uinyooshe mwenyewe. Akiinyoosha mwingine, utatoka na alama, ila kalamu yako itabaki ilivyokuwa. Ukiazima wazo la mtu, mtaje. Na ukihitaji vitabu, nenda kwa mkutubi, umwambie mada yako. Tumesomea kazi hiyo, na tunafurahi kuulizwa kuliko unavyodhani. Ukionyeshwa kitabu kimoja rafuni, tazama na vya kushoto na kulia kwake, kwa sababu tumevipanga kwa mada. Mara nyingi unachokitafuta kimekaa jirani.

Mwenzako wa chumbani anayepiga muziki usiku, zungumza naye sasa, mchana, wakati hujakasirika. Fedha zigawe kwa idadi ya wiki za muhula siku ileile unapozipata. Hayo mawili sina shaka utayamudu.

Upweke ndio unaonipa wasiwasi kidogo. Hujataja rafiki hata mmoja katika ujumbe wako. Sikusukumi uwe mtu wa makundi. Hujawahi kuwa hivyo, na hivyo ulivyo nakupenda. Lakini tafuta watu wawili au watatu wanaosoma somo moja nawe, mkutane siku maalumu kila wiki, kila mmoja awafundishe wenzake sehemu yake. Ukimweleza mtu jambo likamwingia, hapo ndipo unajua umelielewa. Na urafiki huja wenyewe watu wanapofanya kazi pamoja. Chagua pia kitu kimoja kisicho na mtihani, iwe mpira, kwaya au chama cha mdahalo, ukae nacho.

Ikiwa huzuni itakaa wiki mbili bila kuondoka, ukawa hulali, huli vizuri, huoni hamu ya chochote, usisubiri likizo. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, na utuambie siku hiyohiyo. Kuumwa moyo ni kuumwa, mwanangu, na wapo waliosomea kutibu. Na siku ukiona mawazo ya kujidhuru yanakujia, usibaki peke yako hata dakika moja. Piga simu wakati wowote wa usiku, mmoja wetu atapokea.

Umeuliza kama tutakasirika ukibadilisha kozi. Hatutakasirika. Nakuomba tu usiamue kwa sababu ya jaribio moja. Maliza muhula huu kwa kuuliza na kujipima kama nilivyokueleza, kisha tuzungumze. Ikiwa somo lenyewe hulipendi hata unapolielewa, hiyo ni sababu ya kweli, na tutakaa tulitazame pamoja. Ikiwa hulipendi kwa sababu limekushinda kwa sasa, hilo ni jambo jingine kabisa.

Tayari naona unabadilika. Wiki iliyopita ulimpinga baba yako kwenye simu, kwa hoja na kwa adabu, naye baada ya kukata simu alikaa muda akilifikiria lile ulilosema. Alifurahi, ingawa hakukuambia. Ukija likizo na mawazo ambayo hukuondoka nayo hapa, yalete mezani. Tutabishana. Mahali pengine utatushawishi na mahali pengine tutakushawishi.

Mdogo wako anataka umweleze masomo yako yanahusu nini hasa. Ameniuliza mara nyingi, nami nimemwambia amuulize mwenyewe mwenye masomo, kwa hiyo Jumapili jioni tutakapokupigia, zungumza naye kwanza.

Mama yako akupendaye