Deni la msiba ni langu, si lako

Mwanangu,

Jana uliniuliza kwenye simu umpigie nani kwenye mchujo, yaani kura ya chama ya kuteua mgombea wake, nikakujibu mambo matatu, salio likaisha. Usiku huu umeme uko na nyumba imetulia, basi acha nikuandikie.

Kabla hujakata tiketi ya basi kutoka Eldoret, ingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, uone umeandikishwa chama gani cha siasa. Usicheke. Mwaka 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa alipofungua ukaguzi ule, watu chungu nzima walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kusikia. Mimi nilikuwa mmoja wao, na mpaka leo sijui aliyeniandika alitoa wapi namba ya kitambulisho changu. Ukifika kituoni na jina lako halimo kwenye orodha ya wanachama, utakuwa umekuja kunisalimia tu.

Huku Jericho, Nairobi, mambo yamechacha. Alhamisi chama chetu cha akina mama kilikaa makundi mawili, kila kundi na chupa yake ya chai. Watu waliozikana na kuoleana! Sababu unaijua: upande wetu huu, mwenye tiketi ya chama anajihesabu amepita, Agosti ni kugonga muhuri. Ndiyo maana mchujo wa mwakilishi wadi una joto kuliko uchaguzi wenyewe.

Sasa hao wagombea wawili. Mheshimiwa unamjua. Baba yako alipofariki, alifika mlangoni kabla ya baba zako wadogo. Hema lake, viti vyake, gari la kumsafirisha marehemu yeye. Alikaa nasi hadi saa sita usiku akila githeri kwa mkono kama mtu wa nyumbani. Ulikuwa darasa la sita. Nadhani unakumbuka ile soda aliyokupa kuliko hotuba yake.

Yule dada naye alikuja kwenye chama chetu cha akina mama na kitabu cha bajeti ya kaunti. Akatuambia kazi ya mwakilishi wadi ni kupitisha bajeti na sheria kwenye bunge la kaunti kule City Hall na kuwakagua wanaozitumia pesa, basi. Kisha akatuuliza ni lini mara ya mwisho mmoja wetu alihudhuria kikao cha ushirikishaji wa umma. Tukatazamana. Lakini hajui kukaa na watu, mwanangu. Chai yake ilipoa mezani, hata hakuigusa, na wazee wa hapa hayo huyahesabu.

Kwa kazi yenyewe, dada anaijua kumshinda. Nasema hivyo na moyo unaniuma, kwa maana usiku ule hema lilikuwa kila kitu kwangu. Hilo deni la msiba ni langu, na nitalilipa kwa njia yangu. Wewe hukukopa. Asije mtu, hata mjomba wako, akakwambia una shukrani ya kulipa kwenye debe.

Mjomba ameshakasirika, najua amekupigia. Mvumilie. Sisi wawili tumetoka mbali na siasa hizi. Mwaka 1988, tukiwa chini ya KANU, chama kimoja tu nchini, mchujo ulikuwa wa mlolongo: unasimama nyuma ya picha ya mtu wako mchana kweupe, na aliyepita asilimia 70 amekuwa mbunge bila kura ya siri. Nilikuwa na miaka 22. Nilisimama kwenye mstari mrefu, ukatangazwa mfupi. Mwenye nyumba wetu alikuwa mstari wa pili akinitazama, na mwezi uliofuata kodi ikapanda. Wewe utaingia na karatasi yako peke yako. Hujui hiyo ni raha gani.

Lakini lililoniuma zaidi ni 1992. FORD, chama cha upinzani, ilitutoa jasho wote, kisha ikapasuka kabla ya uchaguzi kwa majina ya ofisi zao, hawa wa Agip House, wale wa Muthithi House. Baba yako akamfuata Jaramogi Oginga Odinga na Ford-Kenya, mjomba akamfuata Kenneth Matiba na Ford-Asili. Walinyamaziana miezi. Krismasi walikula hapa sebuleni, kila mmoja akitazama ukuta wake. Tarehe 29 Desemba tukapiga kura, na Rais Moi wa KANU akarudi Ikulu kwa asilimia 36 hivi, huku wapinzani Matiba, Kibaki na Jaramogi wakigawana karibu zote zilizobaki. Siku matokeo yalipotangazwa mjomba alikuja akabisha. Baba yako akamfungulia, wakakaa na redio bila kusema neno.

Kwa hiyo mimi wote wawili niliwauliza jambo moja: ukishindwa, Jumatatu utafanya nini? Mheshimiwa alicheka, akanishika bega, "Mama, mimi sishindwi." Dada alinyamaza kidogo, akasema akiibiwa atakwenda mbele ya jopo la mizozo ya vyama, akishindwa kwa haki, hajui. Huenda akawa mgombea huru. Unajua Katiba inamtaka mgombea huru awe ameshatoka chamani miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na mchujo ukifanywa Aprili kama mwaka 2022, aliyeshindwa ana majuma machache tu ya kuamua kwa hasira. Jibu lake halikunifurahisha, ila angalau alilifikiria.

Sikuambii nitampigia nani. Nikikwambia, utanifuata au utanipinga, na yote mawili si kuchagua.

Njoo Ijumaa. Kofia za wagombea ziache hukohuko stejini, usiingie nazo kwangu, hata ukipewa ya bure. Jumapili mjomba atakuja kula, nimemwalika na yule shoga yangu wa kundi la pili, na kuku ni mmoja. Utakaa katikati yao. Niletee maziwa ya mursik kibuyu kimoja, kile cha safari ile kilikuwa kizuri.

Mama yako