Kaka, usiliuze hilo gita

Shikamoo kaka,

Juzi kwenye simu uliposema unataka kuuza gita nilinyamaza, ukaanza kuita haloo haloo ukidhani mtandao umekata. Haukukata, nilikuwa nakusikia vizuri tu ila sikuwa na la kusema. Nimekaa na lile neno siku mbili na sasa ninalo la kusema, tena refu, ndiyo maana naliandika hapa waziwazi badala ya kukutumia voisi ya dakika kumi na mbili. Najua wapo wengine wenye gita limelala juu ya kabati linakula vumbi, na wao wasome.

Ulitoa sababu mbili. Ya kwanza vidole vimekuwa vigumu, ukipiga robo saa tu vinauma. Ya pili, na hii ndiyo iliyoniuma mimi, ulisema hata Jasiri akikuona unashusha gita anainuka anatoka zake nje, sasa kama mbwa mwenyewe hataki kusikiliza unampigia nani. Ulisema huku unacheka lakini mimi sauti yako naijua, hukuwa unacheka.

Naanza na Jasiri, maana huyo anasingiziwa.

Mbwa anasikia juu kuliko sisi. Sikio la mtu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na hapo ni mtoto, umri ukisogea inapungua, la mbwa linapita 40,000. Wewe unapiga gita la nyuzi za chuma, kwa piki ngumu, kile kibapa cha kupigia nyuzi, karibu kabisa na daraja, pale chini nyuzi zinapofungwa na sauti inapokuwa kali, kwenye chumba chenye sakafu tupu ambapo kila kitu kinarudi. Ule mkwaruzo mwembamba piki inapogusa uzi wa kwanza sisi tunausikia kidogo sana, yeye unamjaa kichwa kizima. Nilipokuja kwako mara ya mwisho nilikaa pale mlangoni nikawa namwangalia. Ulipokuwa unaisaka ile solo ya haraka masikio yake yalilala nyuma, akalamba pua mara mbili, akainuka. Halafu ukaibana piki mdomoni ukaanza kupapasa nyuzi nene taratibu kwa dole gumba, wewe hukuona manake ulikuwa umefumba macho, lakini Jasiri alirudi! Alirudi mpaka kizingitini akajilaza, kidevu juu ya ndara yako, jicho moja wazi. Sasa mbwa aliyechoka muziki anarudi kufanya nini? Kilichomtoa ni piki kaka, wewe hakukukimbia.

Na si Jasiri peke yake mwenye uchaguzi. Mwaka 2017 watu wa Chuo Kikuu cha Glasgow na shirika la kulinda wanyama la Scottish SPCA waliwapigia mbwa wa kwenye makazi muziki wa aina tofauti, wakawapima mapigo ya moyo na kuangalia wanavyokaa, na waliotulia zaidi walitulia kwenye reggae na rock laini. Reggae kaka! Wewe si ndiye uliyekuwa unaniambia reggae ni muziki wa kulaza watu, basi ona, inalaza na mbwa, na mimi naona hiyo ni sifa kubwa.

Lile la kwamba wanyama hawana muziki, wanasikia kelele tu, tulibishana mpaka usiku na sikukushinda kwa sababu sikuwa na mifano kichwani. Leo ninayo. Kuna kasuku mweupe wa aina ya kakatuu kule Marekani anaitwa Snowball, video yake ilienea akicheza wimbo wa Backstreet Boys, anainua miguu, anatikisa kichwa mpaka kishungi kinasimama. Watu wakasema kafundishwa, au kuna mtu nyuma ya kamera anacheza naye anamwiga. Mtafiti mmoja, Aniruddh Patel, akachukua wimbo uleule akauharakisha na kuupunguza kasi bila kubadilisha sauti yake, na Snowball akawa anabadilisha mwendo kuufuata, si muda wote lakini mara nyingi kiasi kwamba huwezi kusema kabahatisha. Hiyo ilitoka 2009. Miaka kumi baadaye, 2019, wakaja kuhesabu miondoko yake wakapata 14, na kulikuwa hakuna aliyekuwa anamfundisha, anabuni mwenyewe. Ile ya kuinua mguu huku kichwa kinaenda upande mwingine ukiiangalia unaweza kulia.

Wakati huo wataalamu wakawa wanasema sawa, lakini ni kwa wanyama wanaoweza kuiga sauti tu, kama kasuku, maana sikio na koo vimeungana kwenye ubongo. Maelezo mazuri, yanaingia akilini. Halafu 2013 akatokea simba-bahari mmoja jike, Ronan, yuko California, mnyama ambaye si wa kuiga sauti hata kidogo, akafundishwa kutikisa kichwa kwa mdundo wa kawaida tu tk tk tk, na alipowekewa nyimbo ambazo hajawahi kuzisikia akashika mdundo mwenyewe. Kwa hiyo yale maelezo nayo yakabidi yaangaliwe upya. Mimi napenda sana hapo, yaani mnyama mmoja anatikisa kichwa na vitabu vinabidi vifunguliwe tena.

Paka wangu Besi unamjua. Jina nilimpa kwa ule mngurumo wake, ukimweka kifuani unausikia kwenye mbavu kabla ya masikioni. Huyu gita halimshughulishi, nipige nisipige amelala ndani ya kasha la gita, manyoya yote yamebaki kwenye ile velveti. Lakini kuna wimbo mmoja. Paul McCartney wa Beatles alirekodi Blackbird mwaka 1968, yeye na gita lake tu, na ile tk tk unayoisikia mwanzo mpaka mwisho wengi wanadhani ni mashine ya kuhesabu mdundo, kumbe ni miguu yake anapiga sakafuni. Sauti za ndege zilitolewa kwenye maktaba ya sauti ya studio zikawekwa juu. Sasa Besi analala wimbo wote, akifika pale ndege anapoanza kuimba anafungua macho, masikio yanazunguka kama sahani za dishi, anaondoka anakwenda kusimama nyuma ya spika kumtafuta. Kila siku. Ameshaangalia nyuma ya ile spika mara mia na bado anaenda. Najua utasema umeona, anasikia ndege hasikii muziki. Sawa, nakupa hiyo moja. Lakini hata McCartney mwenyewe ameshasema ile sehemu ya gita ilitokana na kipande cha Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani, walichokuwa wakijifunza na mwenzake wa Beatles George Harrison wakiwa vijana, kwa hiyo kila mtu anasikiliza kile anachokitambua kwanza, McCartney alimsikia Bach, Besi anamsikia ndege, wewe ukisikia wimbo wowote unauliza kwanza nani kapiga solo.

Na hapo ndipo sijawahi kukubaliana na wewe tangu utoto. Kwako gita ni solo. Kwangu gita ni ridhimu, yule jamaa wa nyuma ambaye hakuna anayemtaja, akinyamaza wimbo unaanguka chini kama nguo iliyokatika kamba. Lakini leo sitaki ubishi huo, leo nataka nikukumbushe mtu aliyetupatanisha sisi wawili.

Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gita wa Kongo. Unakumbuka siku ya kwanza tunasikia wimbo wake Masanga, ukaniambia hao ni wawili, mmoja anapiga besi na ridhimu na mwingine solo, tukaapizana? Kumbe ni mtu mmoja, gita moja lisilo la umeme, na si vidole vitano, ni viwili, dole gumba na cha shahada. Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimrekodi kule Katanga, kusini mwa Kongo, mwaka 1952, Bosco ana miaka ishirini na kidogo. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, halisimami, halina haraka, na kile kidole kimoja cha juu kinaongea, kinadakia kati ya hatua za dole gumba, kinachelewa makusudi halafu kinafika pale pale ulipokuwa unamsubiri. Solo yako na ridhimu yangu ndani ya mkono mmoja. Na nyimbo zake nyingi kaziimba kwa Kiswahili chao cha kule, unamwelewa bila mkalimani. Ukiniuliza wimbo wangu nambari moja wa gita duniani ni huo, nimeshausikiliza mara nisizoweza kuhesabu na bado pale katikati anapobadilisha kuna kitu kinanipita mgongoni.

Vidole viwili kaka. Unaona ninakokwenda?

Vidole vyako vigumu wewe unavitaka vipige zile solo za umri wa miaka ishirini, kwa piki, kwenye nyuzi nene za chuma za namba 12 (namba ikipanda uzi unazidi unene) ambazo uliziweka kwa sababu zina sauti kubwa. Hakuna kidole kisichouma hapo. Toa hizo, weka za 10, na tuni gita lote chini nusu hatua, utasikia uzi unavyokubali kuinama. Ukitaka sauti irudi pale pale funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza ya shingo. Halafu angalia shingo, maana mara ya mwisho uzi ulikuwa umeinuka sana ukifika katikati, ulikuwa unaukandamiza kama unakamua nguo. Kuliegemeza gita ukutani kando ya dirisha linalopigwa na jua ndiko kulikofanya hivyo, mbao zinavuta na kuachia unyevu kama zilivyo mbao zote. Fundi wa gita anaikaza ile nondo ya ndani ya shingo kidogo tu, linarudi.

Na ile piki yako yenye madoa ya kahawia na njano, unajua yale madoa ni ya nani? Ni ya ng'amba. Zamani piki nzuri zilikuwa za gamba la ng'amba kweli, na mpaka biashara yake ya kimataifa ilipopigwa marufuku miaka ya 1970 kasa wale walikuwa wamechinjwa kupita kiasi. Sasa ni plastiki, rangi tu ndiyo imebaki kama kumbukumbu. Gita zima lina wanyama ndani yake ukilitazama hivyo. Kale kapande keupe kanakoshika nyuzi kule juu, kwenye magita mengi mazuri ni mfupa wa ng'ombe. Mafundi wa zamani waligundisha mbao kwa gundi ya ngozi. Kule milima ya Andes kuna kigita kinaitwa charango, nyuzi kumi, kilikuwa kinatengenezwa kwa gamba la armadilo. Na nyuzi zenyewe kwa mamia ya miaka zilikuwa utumbo wa kondoo, mpaka Vita Kuu ya Pili utumbo ukawa adimu kwa sababu hospitali ziliutaka kushonea majeruhi, na Albert Augustine pale New York, mtengenezaji wa magita, akajaribu nailoni, akashirikiana na Andrés Segovia, mpiga gita maarufu wa Hispania, mpaka zikapatikana nyuzi za nailoni tunazozijua leo. Kondoo wakapumzika. Na vidole vikapumzika pia, maana nailoni ni laini.

Na mimi ninalo la nailoni, lile la shingo pana ulilolibeza kwamba ni la wanafunzi. Ndilo nataka ulichukue kwa muda, uniachie lako. Ila nakuomba sana usije ukaliwekea nyuzi za chuma kutafuta sauti, mvutano wake ni mkubwa mno, litang'oka daraja.

Kuhusu kuuza. B.B. King, mpiga gita wa blues wa Marekani, mwaka 1949 alikuwa anapiga kwenye ukumbi mmoja huko Twist, Arkansas, baridi, katikati wameweka pipa la mafuta ya taa linawaka kuwapa joto. Wanaume wawili wakaanza kupigana, pipa likaanguka, moto ukashika ukumbi, watu wote wakakimbia na yeye akakimbia. Akafika nje akakumbuka gita limebaki ndani, akarudi kwenye moto akalitoa, karibu limuue. Kesho yake akasikia waliokuwa wanapigana walimgombania mwanamke anaitwa Lucille, akalipa gita jina hilo, na kila gita kuu alilomiliki baada ya hapo likawa Lucille, ili ajikumbushe asifanye tena upumbavu ule. Mimi sikuombi uingie kwenye moto. Lako liko juu ya kabati, linyooshee mkono tu.

Mwisho wa mwezi nakuja na la nailoni mgongoni na nyuzi mpya za 10 mfukoni kwa ajili ya lako. Usimpe mtu yeyote jibu kabla sijafika, hata kama ameshataja bei. Tutaanza na Masanga polepole kabisa, wewe dole gumba tu kwa wiki nzima ya kwanza, kidole cha shahada nitakupigia mimi pembeni mpaka utakapokuwa tayari. Piki iweke kwenye droo. Na mlango wa nje uache wazi, Jasiri achague mwenyewe.

Mdogo wako.