Jumamosi: mikoko ya Kaole

Wapendwa, hamjambo? Mpango umebadilika kidogo. Tunakutana Kaole saa 1 asubuhi tuchore mikoko kabla jua halijawa kali. Saa 4 tunarudi barazani kwangu kuchonga michoro hiyo kwenye ubao na kuichapa kwenye karatasi.

1. Mchango 12,000 (ubao, wino, karatasi), mwisho Alhamisi jioni kwa mweka hazina.
2. Njooni na patasi zilizonolewa na kijiko cha mti cha kusugulia karatasi.

Safari hii ubao ni wa msonobari. Ule wa mninga wa mara iliyopita ulitutoa jasho. Pale unapochonga hapashiki wino, panatoka weupe, kwa hiyo chimbeni matope, mizizi iacheni. Na picha hutoka kinyume: mara iliyopita jina langu lilisomeka kutoka kulia kama Kiarabu!

Jibuni "nipo" au "sipo" kabla ya Jumatano usiku, ninunue mbao kwa idadi.