Risala ya Kikundi cha Sanaa ya Mabaki kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, viongozi wa mtaa, walimu, wazazi, wasanii wenzetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi chini ya turubai hili, ambalo kina mama wa kikundi wamelishona kwa mabango ya matangazo yaliyokwisha muda wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu hakitafuti faida. Tunapokea vitu ambavyo viwanda, ofisi na kaya hazina kazi navyo tena, tunavichambua, kisha tunawapa walimu, watoto na wasanii wavitengenezee kitu kipya. Hatuyeyushi wala hatusagi. Hiyo ni kazi ya viwanda vya kurejeleza taka, nayo inataka mashine na nishati nyingi. Kwetu kizibo kinabaki kizibo, ila kinapata kazi nyingine.

Utakapopita mezani utaona pazia la vizibo vya chupa. Tunakuomba usilipite haraka. Kila kizibo kimelowekwa kwenye maji ya sabuni, kikabanduliwa utando wa ndani, kikapondwa kwa nyundo mpaka kikawa bapa, ndipo kikatobolewa kwa msumari pande nne na kuungwa na wenzake kwa waya mwembamba wa shaba. Watoto walianza kwa kuchomwachomwa vidole. Sasa wanashona huku wanabishana wapi nyekundu ikae na wapi isikae. Njia hii tumeipata kwa kutazama kazi za El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefundisha na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, na ambaye mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa mchango wa maisha yake katika maonesho ya sanaa ya Venice, Italia. Tunamtaja mbele ya wazazi makusudi, ili mtoto anayeokota vizibo asikaripiwe kabla hajaulizwa anataka kutengeneza nini.

Kazi hii ina waliotutangulia. San Francisco, Marekani, kituo kiitwacho SCRAP kilianza mwaka 1976, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa msanii Ruth Asawa. New York, Materials for the Arts ilianza mwaka 1978, na hadi leo inagawa vifaa bure kwa shule za umma na asasi za sanaa. Lakini mfano unaotugusa zaidi uko Los Angeles. Huko Simon Rodia, fundi mhamiaji kutoka Italia, alijenga peke yake minara ya mtaa wa Watts kuanzia 1921 hadi 1954, kwa vyuma, saruji, vigae vilivyovunjika, vipande vya chupa na makombe ya baharini. Mrefu kuliko yote unakaribia mita 30. Alipoondoka, jiji liliamuru minara ibomolewe kwa kuwa ni hatari. Wananchi wakaunda kamati, wakaipigania, na mwaka 1959 ikavutwa kwa mashine mbele ya watu ili kupima uimara wake. Haikutetereka, na hadi leo imesimama. Fundi aliijenga, lakini bila ile kamati leo tusingekuwa na cha kusimulia.

Mheshimiwa, hapo ndipo penye ombi letu. Mabaki hayajawahi kutupungukia, wala vipaji. Kinachoua vikundi kama hiki ni kukosa ghala na kukosa mshahara wa mchambuzi wa mabaki. Mchoro wa ukutani unapozinduliwa wafadhili hujitokeza, nasi tunawashukuru kwa dhati. Kodi ya stoo ya mwezi unaofuata hubaki juu yetu. Mvua ikivuja, makaratasi tuliyoyapanga kwa rangi na unene hugeuka uji. Na mchambuzi si mtu wa kubahatisha. Yeye ndiye anayekataa mkebe uliowahi kubeba dawa ya wadudu, hata uwe umeoshwa namna gani, na ndiye anayeiweka mbali na watoto rangi ya zamani isiyojulikana kama ina madini ya risasi. Kazi hiyo inafanywa kila siku na mtu anayejitolea, naye ana familia.

Tunaomba basi utusaidie kupata jengo lenye paa zima, kwa mkataba wa miaka, na utushikie mkono katika mshahara wa mtu huyo mmoja. Ofisi na viwanda tunaviomba vituletee vitu visafi vilivyotenganishwa. Tumewahi kushushiwa mzigo uliochanganyika na uchafu ukiitwa msaada, tukalazimika kulipa wenyewe kuupeleka dampo.

Kuhusu kuta, tunaomba neno moja. Kabla ya kuchora huwa tunakaa na wakazi, maana wao ndio watakaouona ukuta huo kila asubuhi. Katika kikao kimoja tulikuja na mchoro wa ndege, na bibi mmoja akasema ndege ni wazuri ila yeye angependa kuwaona wakunga waliozalisha watoto wa mtaa huu. Tukawachora wakunga, kwa rangi zilizobaki kwa mafundi wa nyumba. Buluu za mikebe tofauti tulizichanganya ndoo moja mpaka zikapatana. Ukuta wa namna hiyo ukipakwa chokaa bila wakazi kuulizwa, watu wanaumia. Tunaomba ruhusa za kuta ziwe za maandishi, na anayetaka kufuta aitishe kikao kwanza.

Mwisho, msanii akialikwa kupamba shughuli, alipwe kama anavyolipwa mpishi na mpiga picha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha, na tunakukaribisha ukague kazi mezani.