Kwa mabinti zangu wa vyuo vya Iringa na Mbeya

Kamwene mabinti zangu wa Mkwawa, Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa, nanyi wa MUST na TEKU kule Mbeya.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nakaa Kihesa. Kazi nimeiacha lakini mabinti bado wanagonga mlango, na siku hizi wengi wao shida yao ni ngozi na shepu. Ndiyo maana nimeona niwaandikie wote kwa pamoja.

Katikati ya baridi ya mwezi wa saba alinijia mmoja kajitanda mtandio hadi puani. Alipoutoa nikaona mashavu yamewiva wekundu, mishipa midogo inaonekana juu juu, na kidevu kimejaa chunusi. Vifundo vya vidole vilibaki vyeusi, maana mkorogo, yaani krimu ya kuchanganya ya kung'arisha ngozi, haushiki vizuri kwenye viungo. Katoa mfukoni kikopo kisicho na lebo, kimepimiwa kwa kijiko dukani. Hela ilitoka kwenye bumu, ile ya mkopo wa chuo. Nikamuuliza, mwanangu, nani alikuambia una kasoro? Alilia kwanza. Wenzake wa chumbani hosteli walikuwa wanamwita Mkaa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Kabla ya mkorogo kulikuwa na mdomo, na mdomo huo ni wenu wenyewe. Mweusi mnamwita Mkaa, mnene Kibonge, mwembamba Kimbaumbau, asiye na makalio Ubao. Nitajieni aliyesalimika. Hayupo, kwa sababu hakuna mwili unaoepuka jina. Picha za simuni zinachangia, najua, na wengi wanaozipiga wanazipitisha kwenye filta kabla hujaziona. Lakini picha haikujui. Mwenzako wa kitanda cha juu anakujua, na neno lake unalala nalo. Acheni majina hayo. Acheni leo, hata yale mnayosema ni utani.

Sasa tuzungumze kuhusu hicho kikopo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwetu, na mtu anayechanganya mkorogo hakuandikii alichoweka. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuumiza figo. Haidrokwinoni hung'arisha mwanzoni, lakini ukiitumia muda mrefu inaweza kukuachia mabaka ya rangi ya bluu na kijivu, na hayo kuyaondoa ni kazi ngumu mno. Mikorogo mingine ina steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kali kama klobetasoli, dawa ambayo daktari huitoa kwa muda mfupi kwa ugonjwa maalumu wa ngozi. Ukijipaka kila siku, ngozi inakuwa nyembamba, inachanika hovyo, na kidonda kinachelewa kupona.

Na huku kwetu kuna jambo ambalo watu hawalitilii maanani. Miji yetu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Baridi inatudanganya, tunavaa sweta mchana kutwa tukidhani jua halina nguvu. Weusi wa ngozi yako ndio kinga yako. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo, ndiyo maana kule hospitali ya KCMC, Moshi, wanawatengenezea losheni maalumu ya kuwakinga na jua. Wenzio wanahangaika kuitafuta kinga, wewe unalipia ikuondoke! Linaniuma sana hili.

Wembamba nao wanauziwa vidonge vya kunenepa. Mara nyingi ni deksamethasoni, ambayo nayo ni steroidi, au saiproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio inayoleta hamu ya kula na usingizi. Ukiona binti anasinzia kila kipindi, usikimbilie kusema mvivu. Deksamethasoni inajaza uso na tumbo, inapandisha sukari na presha, na kumwongezea mtu hatari ya maambukizi. Yule anayesifiwa kwamba kanawiri huenda amevimba tu.

Kwa ambaye tayari anatumia, sina neno la kukulaumu. Nakuomba kitu kimoja: kama ni vidonge vya deksamethasoni na umevimeza kwa wiki kadhaa, usiviache ghafla peke yako. Tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimezoea kupumzika, na ukikatisha kwa mkupuo unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, hata kuzimia. Daktari atakupunguzia dozi kidogo kidogo. Mkorogo nao ukiacha, uso unaweza kuwasha na kufura kwa muda. Usirudie kupaka kwa hofu, nenda kaonwe. Beba pakiti au kikopo chenyewe, na kama unaogopa kwenda peke yako nenda na rafiki. Ukifika, mwambie daktari umetumia nini na kwa muda gani, usimfiche.