Usikiweke kando kile kitabu cha katuni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, bibi yako naye anakusalimu sana.

Umeniambia kwenye simu kuwa Logicomix imekushinda. Tafadhali usiiweke kando. Ni katuni, lakini inahusu watu waliotafuta hesabu isiyo na shaka hata chembe, na mambo hayo hayasomwi mbio.

Kabla hujaendelea, chukua karatasi umfikirie kinyozi. Kijiji kina sheria: kinyozi awanyoe wote wasiojinyoa wenyewe, na hao tu. Sasa yeye anyolewe na nani? Akijinyoa, kamnyoa mtu anayejinyoa, kavunja sheria. Asipojinyoa, basi ni mmoja wa wale anaotakiwa kuwanyoa. Andika pande zote mbili mpaka uone mwenyewe kwamba hakuna pa kutokea. Bertrand Russell, mwanafalsafa na mwanahisabati Mwingereza, alikuta kitendawili cha aina hiyo ndani ya seti, yaani makundi ya vitu, zile zile mnazofundishwa shuleni. Mwaka 1902 akamwandikia Gottlob Frege, mwanahisabati Mjerumani, ambaye juzuu la pili la kazi yake kubwa ya kujenga hesabu juu ya mantiki lilikuwa tayari linachapwa. Frege hakuficha kitu. Aliongeza kiambatisho akaeleza kuwa msingi wa kazi yake umetikisika. Mimi namheshimu mno mtu yule kwa jambo hilo.

Ila angalia: Russell na Frege hawakuwahi kukutana ana kwa ana kama walivyochorwa. Waandishi wenyewe, Apostolos Doxiadis na Christos Papadimitriou, wanakiri mwishoni kuwa wamebuni baadhi ya matukio. Wasome kwa ajili ya mawazo, tarehe utazipata kwingine.

Na zile kurasa ambazo waandishi wamejichora wakibishana mjini Athens, usiziruke ukidhani ni mapumziko. Apostolos anaiona hadithi hii kama msiba: watu wanahangaika miaka na miaka, kisha mwaka 1931 mwanamantiki Kurt Gödel anaonyesha kwamba hesabu ina kweli ambazo kanuni zake haziwezi kuzithibitisha. Christos anakataa. Kwake, kuhangaika kule ndiko kulikomfikisha mwanahisabati Alan Turing kwenye wazo la kompyuta mwaka 1936. Wewe unayesomea kompyuta, ubishi huo unakuhusu kuliko unavyonihusu mimi.

Ukifika hapo nipigie, hata iwe usiku. Mimi niko upande wa Christos, na nina hoja zangu. Nataka kusikia zako.

Ni mimi baba yako akupendaye